Nyimbo 24, dola 222.000: kesi ya mbali yenye inatuhusu



Kabla ya kushitaki mtu, nianze na kujishitaki mimi mwenyewe. Wakati nilikuwa mwaka wa pili wa chuo kikuu, hapa Goma, jioni nilikuwa nafanya kazi kwenye kibanda kimoja cha kupakia mangoma. Munavijua vile vibanda: meza moja, mwavuli, ordinatere ya zamani yenye inalia kama mashine ya kusaga mihogo, na bafle moja inapiga wimbo wa juma ile. Mtu anakuja na karte memori yake, anasema "nijazie". Unamuuliza anapenda nini: ya kanisa, ndombolo, Bongo, rap ya hapa kwetu. Unakopia, anatoa faranga 1.000, anaenda zake. Siku ya posho ni watu wa harusi, siku ya mungu asubuhi ni mama za korali. Patron alikuwa anachukua nusu. Na ile nusu yangu ndiyo ilinilipia fotokopi za masomo na moto ya kufika chuoni.

Ndani ya ule wakati wote, hakuna hata mtu moja aliniuliza: huu wimbo ni wa nani?

Leo nimemaliza sheria. Diploma iko kwenye ukuta kwa mama, kazi hakuna. (Barua ngapi nimeandika za kuomba kazi, hiyo nitaisema siku ingine.) Kukosa kazi kunaacha muda wa kusoma, na katika kusoma nimekutana na kesi moja ya Marekani yenye ilinirudisha kwenye hesabu ya kile kibanda.

Sheria ya Marekani juu ya haki za mtunzi inasema hivi: mwenye haki akikushitaki, si lazima aonyeshe kwamba alipoteza pesa ngapi. Anaweza kuchagua malipo yenye sheria yenyewe imeshapanga, yaani kutoka dola 750 mpaka dola 30.000 kwa kila wimbo. Wakiona ulifanya kwa kusudi, inaweza kupanda mpaka 150.000. Kwa kila wimbo, nasema. Karte moja ya nyimbo 300, kwa bei ya chini kabisa, ni dola 225.000. Karte moja! Mimi niliijaza kwa faranga 1.000, na 500 ni ya patron.

Musicheke. Kuko watu wenye hii hesabu iliwaangukia kweli.

Tuende pole pole. Mwaka 1999 kulitokea programu moja yenye jina Napster. Kazi yake ilikuwa mwepesi: kila mtu anafungua kabati yake ya mangoma ndani ya ordinatere, wengine wanachukua kwake, naye anachukua kwao. Hakuna mwenye anauza. Mwezi wa 12 wa mwaka ule ule makampuni ya muziki yakaipeleka tribinali, na mwezi wa 7, 2001, ikafungwa. Lakini watu walikuwa wameshazoea. Wakahamia kwenye zingine, kama Kazaa, zenye hazikuwa na mlango moja wa kufunga. Sasa makampuni yafanye nini? Umoja wao, wenye unaitwa RIAA, ukageukia watu wenyewe. Tarehe 8 mwezi wa 9, 2003, siku moja tu, walishitaki watu 261. Mpaka mwisho wa 2008, wakati walitangaza kwamba wanaacha, hesabu ilikuwa imefika karibu watu 35.000. Wanafunzi, wazazi, watu wa kazi ya kawaida. Hawakuwa wauzaji wa kaseti za wizi.

Walikuwa wanawapata namna gani? Wapelelezi wao walikuwa wanaingia kwenye ule mtandao kama mtu yeyote, wanaangalia kabati ya fulani, wanaandika namba ya intaneti yake, ile yenye inaitwa IP. Bon, ile namba inaonyesha laini, haionyeshi mtu. Ni kama plake ya moto: unajua moto imeandikwa kwa jina la nani, lakini haujui nani aliiendesha usiku ule. Ni mwenyewe? Ni mtoto? Ni jirani mwenye alikuja kuomba koneksio? Mwanzoni walitaka makampuni ya intaneti yawape majina kwa kikaratasi tu cha karani wa tribinali, bila kesi. Verizon ikakataa, na mwezi wa 12, 2003, korti ya rufaa ya Washington ikaipa haki. Kutoka pale ikabidi wafungue kwanza kesi juu ya "mtu asiyejulikana", kiisha mwamuzi ndiye aamuru jina litolewe. Namba zilendelea kugeuzwa majina kwa wingi, lakini alau kulikuwa mwamuzi pale katikati.

Na jina likishapatikana, kilichofuata ni barua. Lipa, mara nyingi kati ya dola 3.000 na 5.000, tumalize. Ao tukutane tribinali, na unaijua bei ya kila wimbo.

Sasa mimi nauliza motari yeyote wa hapa mjini kama hii haijui. Mtu mwenye sare anakusimamisha kwenye mzunguko. Anakwambia kosa lako. Labda uko nalo, labda hauko nalo. Lakini hauulizi tena kama uko nalo! Unauliza bei ya kumaliza hapa, na bei ya kufika kule ndani: siku ngapi moto itafungwa, nani atalisha watoto, avoka atalipwa na nini. Unahesabu kichwani kwa sekunde kumi, unatoa. Ile pesa yenye umetoa haisemi kwamba ulikosa. Inasema tu kwamba kutafuta haki kuna bei kubwa kuliko kuikosa. Kule Marekani hakukuwa rushwa, ilikuwa karatasi yenye sahihi na avoka mwenye tai. Lakini hesabu ya yule mwenye amepata barua ilikuwa ni ile ile ya motari. Avoka moja kwa kesi kama ile angemaliza zile 3.000 mbele hata ya kufika kwa mwamuzi.

Ndani ya wale 261 wa kwanza kulikuwa mtoto msichana wa miaka 12, wa New York, mwenye alikuwa anaishi na mama yake katika nyumba za serikali za watu wa kipato kidogo. Mama alilipa dola 2.000 ili mambo iishe. Mwaka 2005 walishitaki mama mzee wa West Virginia, miaka 83. Alikuwa ameshakufa. Na mtoto wake alieleza kwamba mama alikuwa hataki hata kuona ordinatere ndani ya nyumba. Ile kesi waliiacha, ndiyo. Lakini jiulize: kama kivuko kinapitisha hata marehemu, wazima wangapi wenye hawakukosa walipita pale na wakalipa kimya?

Hatutajua, juu mwenye amelipa amenyamaza.

Mwenye alikataa kulipa ni mama mmoja wa jimbo la Minnesota, mama mwenye watoto, mshahara wa kawaida. Walisema kabati yake ya Kazaa ilikuwa na nyimbo zaidi ya 1.700, wakachagua 24 za kumshitakia. Yeye alisema si mimi. Kesi ikaenda mbele ya wananchi wa kawaida, wale wenye kule wanachaguliwa kuketi kama waamuzi. Hawakumwamini, na sitaki hapa kumgeuza mtakatifu. Niliposoma yale yaliyotolewa kortini, mimi pia niliona ni vigumu kumwamini. Lakini angalieni sasa malipo.

Mwezi wa 10, 2007, walisema: dola 222.000. Ni 9.250 kwa kila wimbo. Mwamuzi Michael Davis akaona alikosea namna aliwaeleza sheria wale wananchi, akaivunja hukumu, kesi ikarudiliwa. Mwezi wa 6, 2009, wananchi wengine, mama ule ule, nyimbo zile zile: dola 1.920.000. Ni 80.000 kwa wimbo moja. Mwamuzi mwenyewe alishtuka, akaandika kwamba hesabu kama ile inatisha, akaipunguza mpaka 54.000. Makampuni yakamwambia mama: toa 25.000, tuzipeleke kwa mfuko wa kusaidia wanamuziki. Akakataa. Yakakataa nayo ile 54.000. Mara ya tatu, mwezi wa 11, 2010: dola 1.500.000. Mwamuzi akairudisha tena kwa 54.000. Kiisha korti ya rufaa, mwezi wa 9, 2012, ikasema turudie ile ya kwanza: 222.000. Mwezi wa 3, 2013, Korti Kuu ya Marekani ikakataa kusikiliza. Ikaisha pale.

Wakati ule, wimbo moja kwenye duka la iTunes ulikuwa unauzwa senti 99. Nyimbo 24 hazifikii hata dola 24.

Mama mwenye anauza maharagi pale Virunga akipima mfuko moja, mizani ikasema kilo 2, akapima tena ikasema 19, akapima tena ikasema 15, hakuna mteja mwenye atauliza kama maharagi ndiyo yamebadilika. Atauliza mizani. Hapa mizani ni ile sheria yenyewe. Kutoka 750 mpaka 150.000, unaweza kutumbukiza mtu popote pale katikati na bado ukasema "nilifuata sheria". Na hakuna mwenye alilazimishwa kuonyesha mama yule aliharibu nini kwa kweli.

Nisiwe mwongo, makampuni yalikuwa na jibu. Walisema: hatumshitaki juu alijikopia 24, tunamshitaki juu aliziweka wazi kwa mamilioni ya watu, na nani atahesabu wangapi walichukua kwake? Ni swali ya kweli. Mimi pia siwezi kuhesabu karte zangu wangapi walizikopia nyumbani. Lakini kama hasara haihesabiki, hiyo inatosha kuchagua namba yoyote? Katika sheria tulifundishwa kwamba mwenye kudai ndiye anabeba kuonyesha. Hapa wamemtua ule muzigo, wakampa na fimbo juu yake.

Kuko na kijana mwingine, mwanafunzi wa Boston, alikuwa anafanya fizike. Nyimbo 30. Yeye alikubali mbele ya korti kwamba ndiyo, nilizichukua na niligawa. Akatetewa na profesa wa Harvard, Charles Nesson. Mwaka 2009: dola 675.000. Mwamuzi Nancy Gertner alipunguza mpaka 67.500, rufaa ikarudisha zote. Yule wa Minnesota alikana, huyu alikubali, wote wawili wakaangukia shimo moja.

Zile namba zilitoka wapi? Zilikuwa zimepandishwa na sheria ya bunge lao ya mwezi wa 12, 1999, mwezi ule ule Napster ilishitakiwa. Bei za namna ile ni za kumtisha mfanyabiashara: mwenye kiwanda cha kopi, mwenye anaweka hesabu kwamba nikikamatwa nitalipa kidogo na nitaendelea. Kwake 30.000 inaweza kuwa kipimo. Kiisha wakachukua ile fimbo ya ng'ombe wakapigia kuku.

Na ndiyo maana nasema kesi zile hazikuwa za kulipwa tu, zilikuwa za kuogopesha. Unachukua moja kati ya mamilioni, unamfanya bango. Sisi wenye tumekulia katika hii inchi tunajua kazi ya bango. Wakati leta inataka mtaa mzima unyamaze, haikamati mtaa mzima. Inakamata watatu, inawapandisha gari mbele ya wote, saa sita ya mchana. Wale watatu wanabeba mgongoni kosa la watu wote, na hata kama kosa liko, hawakulifanya la watu wote. Kumuazibu mtu kwa kadiri ya woga unataka kuleta kwa wengine, hiyo siiiti haki, hata iandikwe kwa Kingereza kizuri namna gani.

Ilisaidia? Watu hawakuacha. Chenye kiliwapunguza pole pole ni njia rahisi ya kununua: senti 99, kiisha zile huduma za kusikiliza kwa mwezi. Kule kwao sasa mtu analipa kwa karte ya benki bila kufikiri. Hapa mwambie kijana wa Majengo alipe muziki kwa karte ya benki, atakuuliza benki gani. Tunanunua mega za siku moja, za saa moja, na wewe unataka tusikilize wimbo kwa mega? Ile karte memori ya faranga 1.000 haikuzaliwa na roho ya wizi. Ilizaliwa na bei ya mega na na kukosa duka.

Tupite sasa Ufaransa, juu watungaji wetu wa sheria wanapenda kuchungulia kule kuliko kwingine kote. Mwaka 2009 Ufaransa ilitunga sheria ya Hadopi: ukikamatwa unachukua muziki, unaonywa mara mbili, ya tatu unakatiwa intaneti, na mwenye kukata si mwamuzi, ni ofisi. Tarehe 10 mwezi wa 6, 2009, Baraza lao la Katiba likasema hapana. Likasema kufikia intaneti leo ni sehemu ya uhuru wa kusema, na ofisi haiwezi kumnyima mtu uhuru ule. Ikabidi waandike tena, wamuweke mwamuzi. Na mtu wa kwanza kuhukumiwa, mwezi wa 9, 2012, alikuwa bwana mmoja mwenye mke wake ndiye alikuwa amechukua nyimbo. Lamande euro 150, si juu alichukua, ni juu hakulinda laini yake. Munaona? Plake ya moto tena. Mwaka 2013 wakaondoa kabisa ile azabu ya kukata intaneti.

Sisi kukatiwa intaneti hatukufundishwa na kitabu. Mwezi wa 1, 2015, watu walipoingia barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, ilikatwa. Nilikuwa sekondari. Tarehe 31 mwezi wa 12, 2018, siku moja nyuma ya kura, ilikatwa tena, karibu siku 20. Hakukuwa mwamuzi, hakukuwa onyo la kwanza wala la pili. Kwa hiyo mtu akinieleza kwamba kesi za mangoma ni mambo ya watoto wa wazungu wenye wameshiba, nitamuambia asome lile neno la Baraza la Katiba la Ufaransa, kiisha akumbuke zile siku 20.

Sheria yetu sisi ya haki za mtunzi ni ya tarehe 5 mwezi wa 4, 1986. Hesabuni: pesa ilikuwa zaire, muziki ulikuwa kwenye sahani na kaseti. Tangu tarehe 13 mwezi wa 3, 2023, tuko na Code ya mambo ya dijitali. Ile ya 1986 nayo haiwezi kubaki vile milele. Siku moja mtu ataketi Kinshasa kuiandika upya, na mbele yake kutakuwa sheria za wengine za kukopia. (Ndiyo, kukopia. Wakopiaji si sisi wa vibanda peke yetu.) Swali langu ni atakopia nini. Ile ya 750 mpaka 150.000, yenye hapa itakuwa bonde la kuchungia watu wadogo? Muwaze tu: kila telefone yenye imekamatwa kwenye barrière, wanafungua, wanakuta mangoma 400. Tayari kosa liko, na bei iko mdomoni mwa mwenye ameshika telefone. Mwanaharakati mwenye hawana cha kumshitakia, watapata: alikuwa na wimbo bila ruhusa. Sheria yenye kila mtu anaivunja kila siku ni zawadi kwa mwenye anatafuta mtu wa kukamata.

Hapa ningeweza kuishia, na wengi wenu mungenipigia mikono. Lakini andiko hili nilimsomesha kwanza yaya mmoja wa mtaa wetu, mwenye anaimba rap ya Kiswahili. Sitamtaja, mwenyewe amekataa. Alisoma mpaka mwisho, akaniangalia.

"Mdogo wangu," akasema, "umeandika vizuri juu ya mama wa Amerika. Na mimi?"

Nikamuambia: yaya, wewe ni nini hapa?

"Mimi ndiye muziki. Studio inaniomba dola 50 kwa wimbo moja, klipu ni zaidi. Nilikuletea wimbo kwa mkono wangu, kwa flash yangu, kwa kibanda chako. Unakumbuka?"

Nakumbuka. Alikuja jioni moja ya mvua, akaniomba niuweke kwenye kila karte, wa kwanza kabisa, mteja aukute hata kama hakuuomba. Alinipa na kinywaji. Wimbo ukashika. Miezi miwili nyuma yake kila moto ilikuwa inaupiga, kila baa. Na yeye alikuwa anakula kwa mkopo. Nilikuwa najua, juu alikuwa anakopa kwa duka la shangazi yangu.

"Wewe uliuza," akasema. "Faranga 1.000 kila karte. Wimbo wangu ulikuwa ndani. Wenye baa waliuza bia juu yake. Redio waliupiga. Hata mheshimiwa moja aliupiga kwenye kampanye yake, watu wakacheza. Hakuna mwenye aliniletea hata faranga mia. Sasa unaandika ati watu wasishitakiwe."

Nilikaa kimya. Nilijaribu kumuambia kwamba kwenye zile kesi za Marekani, ukisoma majina ya wenye kushitaki, ni makampuni matupu: Capitol, Sony, Warner, na wenzao. Hakuna mwimbaji hata mmoja mwenye alisimama pale kusema huyu mama ameniibia. Akasema anajua, na kwamba hiyo haimlishi. Akasema kama kungekuwa tribinali yenye inaweza kumuambia mwenye baa "lipa", angeenda leo, kwa miguu.

Ana haki. Na hapo ndipo nilibadilisha sehemu ya hili andiko. Kati ya mtoto mwenye anakopia wimbo kwa rafiki yake, na mimi mwenye nilikuwa nauza karte, na mwenye baa mwenye anajaza viti kila juma, na mheshimiwa mwenye anachukua wimbo kuombea kura, kuko ngazi. Sheria za namna ile ya Marekani zinaanza na wa chini, juu ndiye hana avoka. Sisi tudai ianze na wa juu. Mwenye anapata pesa kwa wimbo alipe mwenye wimbo, na malipo yafuate chenye alipata. Mtoto na rafiki yake waachwe. Na mtu asiombwe kulipa kwa barua ya kutishwa, mbele mwamuzi hajaona hata karatasi moja.

Yaya alisema hayo ni mazuri lakini yanachukua miaka. Akachukua daftari. "Tuhesabu yako kwanza," akasema. Alitaka faranga 50 kwa kila karte, juu wimbo wake ulikuwa moja kati ya mingi. Tukahesabu kwa roho safi: karte sita kila jioni, siku 25 kila mwezi, miezi 14 tangu alileta ile flash mpaka nilipoacha. Karte 2.100. Faranga 105.000.

Hakuongeza hata faranga ya kunitisha. Nilimlipa 5.000 pale pale, akaandika tarehe na akanisainisha. Inabaki 100.000. Kwa hiyo mwenye anajua ofisi yenye inatafuta mtu wa sheria, hata kwa kazi ya siku mbili tatu, hata ya kupanga ma-dosie tu, anijulishe.